Nimehoji wanawake wanne mpakani, wote wananijibu “ni sawa tu”. Nifanyeje?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninasoma shahada ya uzamili Kampala, lakini nyumbani ni Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Shahada ya kwanza nilisomea takwimu. Sasa utafiti wangu unahusu wanawake wanaovusha bidhaa ndogondogo mpakani, na msimamizi ameniambia niufanye kwa njia ya maelezo, si ya hesabu. Nilipanga kuhoji watu 20. Nimeshahoji wanne, kila mmoja dakika kama 15, na majibu ni mafupi: “ni sawa tu”, “tunamshukuru Mungu”, “wewe si unajua”. Wengi wananifahamu kwa sababu mama yangu aliuza nyanya katika soko hilohilo. Naogopa nitafika 20 sina kitu. Je, hao 20 wanatosha? Na ufundi huu mtu anajifunzia wapi hasa? Vitabu nimesoma na bado naona giza.

JIBU: Dada yangu, kwanza simama hapo ulipofika. Usimtafute mtu wa tano wiki hii. Hizo rekodi nne ulizo nazo ndizo shule yako, na nadhani hujazisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wengi niliowasimamia walikuwa hivyo: wanarekodi, wanahifadhi, wanakwenda kwa mwingine, wakiamini uchambuzi ni kazi ya mwezi wa mwisho. Umetoka kwenye takwimu, na huko mpango huo ni sahihi kabisa. Unakusanya hojaji zako 400, unaziingiza kwenye kompyuta, ndipo unaanza kuhesabu, na ukibadilisha swali katikati ya njia umeharibu kazi. Huku mambo ni kinyume. Mahojiano ya kwanza ndiyo yanayokufundisha namna ya kuuliza katika ya pili. Usipoyasikiliza, kosa la Jumatatu utalirudia Jumanne, na Jumatano, hadi umalize wote 20.

Kwa hiyo leo usiku chukua ile rekodi ya kwanza kabisa na uinukuu neno kwa neno kwa mkono wako mwenyewe. Usimlipe mtu akunukulie, angalau hizi za mwanzo. Andika yako na yake, andika kicheko, andika kimya, andika mteja aliyekuja kuuliza bei katikati ya mazungumzo. Rekodi ya saa moja huchukua kati ya saa 4 na 6 kuinukuu, hata kwa mtu mwenye vidole vyepesi, na kwa Kiswahili cha Busia kinachoruka kwenda Kisamia, Kiteso na Luganda ndani ya sentensi moja, tegemea zaidi. Yako ni dakika 15. Usiku mmoja unatosha.

Nikuonyeshe unachoweza kukikuta humo. Kipande hiki nimekitunga mimi, lakini nimekitunga kwa mfano wa rekodi nyingi nilizowahi kusahihisha.

Mtafiti: Je, unakabiliwa na changamoto gani katika biashara yako?
Mama: Changamoto ni zile tu. Mtaji mdogo. Ushuru.
Mtafiti: Sawa. Na familia inakusaidia?
Mama: Inasaidia. Ila ule mwaka mzigo ulipolala pale siku mbili, ndiyo nili…
Mtafiti: Sawa, sawa. Na biashara hii uliianza lini?

Mlango ulikuwa umefunguka, na mtafiti akaufunga kwa mkono wake. Mama alikuwa ameshaanza safari: ule mwaka, mzigo kulala, siku mbili, “ndiyo nili…”. Nili nini? Nilikopa? Nilianza kupita njia nyingine? Niligombana na mume? Hatutajua tena, kwa sababu mtafiti alikuwa anaangalia karatasi yake kuona swali linalofuata ni lipi. Wakati unahoji huwezi kulisikia hili, kwa kuwa akili iko kwenye orodha ya maswali. Unalisikia usiku unaponukuu, na linauma. Uchungu huo mimi nauthamini kuliko kozi nzima ya nadharia, maana kesho yake utaumeza ulimi wako kabla ya kusema “sawa, sawa”.

Tazama pia lile swali la kwanza, la “changamoto”. Neno hilo lina historia Uganda. Kwa miaka mingi mashirika yamekuwa yakipita sokoni na vijijini na daftari, yakiuliza changamoto, na watu wameshajua jibu lake: mtaji, ushuru, barabara, mume asiyesaidia. Ukiuliza changamoto unapewa orodha ileile aliyopewa mtu wa mwaka jana. Mama hakudanganyi. Amekujibu katika lugha uliyomletea. Badala yake mwombe jambo moja lililotokea kweli, lenye siku na saa: “Nieleze jana, tangu ulipoamka mpaka mzigo ukafika kwa mteja.” Hapo hawezi kukujibu “ni sawa tu”. Atakuambia aliamka saa ngapi, nani alimbebea, alisubiri wapi, nani alimpigia simu, alimpa nani sente na kwa nini. Changamoto zitakuja zenyewe, zikiwa na miguu na majina yake halisi.

Baada ya swali kama hilo kazi yako ni ndogo sana. “Ehe.” “Halafu?” “Hapo ulifanyaje?” Na kimya. Akimaliza sentensi, hesabu moyoni moja hadi saba kabla ya kufungua mdomo. Mara ya kwanza sekunde hizo zitakuwa ndefu kama mkesha, lakini mara nyingi yeye ndiye atakayezijaza, na mara nyingi anachozijaza nacho ndicho kilichokupeleka huko.

Kuna neno moja ambalo nakuomba usilitoe wewe kwanza: magendo. Wazee wetu wanalikumbuka tangu miaka ya 1970, wakati uchumi rasmi wa nchi hii ulipoanguka na kila kitu, kuanzia sukari hadi kahawa, kikawa kinapita gizani. Ukimuuliza mama “unafanya magendo?” umeshamhukumu, na ataona mtu wa ushuru amekaa mbele yake kavaa sura ya mwanafunzi. Muulize tu: “Mzigo huwa unavukaje?” Yeye mwenyewe atachagua neno. Akisema njia ya panya, andika njia ya panya. Akitaja mahali tu, “kule Sofia”, andika kule Sofia. Maneno anayoyachagua mtu kuitaja kazi yake ni data kamili, wala si ganda la kumenya upate data ndani.

Sasa hili la “wewe si unajua”. Nadhani hapa ndipo shida yako kubwa ilipo, na ni shida ambayo vitabu vingi vilivyoandikwa na wageni waliosafiri kwenda mbali havikuandaliwa kuitatua. Mgeni huelezwa kila kitu kwa sababu hajui kitu. Wewe ni mtoto wa soko. Kukueleza jinsi mzigo unavyovuka ni kama kukueleza jinsi ya kumenya ndizi, na kwa mtu mzima kumfafanulia binti wa mwenzake mambo ya wazi ni karibu na kumvunjia heshima. Kwa hiyo jibu fupi alilokupa lilikuwa adabu. Usijifanye mgeni, watakucheka, na watakuwa na haki. Sema kweli: “Mama, ya mama yangu nayajua kidogo. Ya kwako siyajui. Na hata yake, nilikuwa mtoto, niliona mgongo tu.” Nimeona maneno ya namna hii yakibadilisha mahojiano yote. Humwondolei mtu ukaribu mlio nao, ila unamwambia kwamba maisha yake si nakala ya maisha ya mama yako.

Ukiwa mtu wa ndani unapata faida nyingine: lugha. Itunze. Nukuu katika lugha iliyosemwa, vilevile ilivyochanganyika, na utafsiri baadaye, tena vile vipande tu utakavyovitumia kwenye tasnifu. Mama akisema kwa Luganda kwamba anachofanya ni kuyiiya, ukaandika “anahangaika”, umempokonya nusu ya alichosema. Kuyiiya kuna kubuni ndani yake, kuna akili ya kutengeneza njia pasipo na njia. Kuhangaika kuna taabu tu.

Okot p'Bitek, yule msomi na mshairi wetu wa Gulu, aliandika mwaka 1970 kisa ambacho ningependa kila mtafiti Uganda akijue kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliwaumba? Lugha yao ya Kiluo haikuwa na neno lenye dhana hiyo ya kuumba, kwa hiyo swali likatoka kama: nani aliwafinyanga? Wazee wakashangaa, maana watu huzaliwa na mama zao. Wakasema hawajui. Wageni hawakuridhika, wakashikilia lazima jibu lipatikane. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa mzima, kisha akapatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, mwili ukapinda, akawa kama amefinyangwa. Akajibu: Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Rubanga ni jina la roho mbaya inayoaminika kuleta kibyongo. Wamisionari wakaondoka na jina hilo wakiamini wamelipata jina la Mungu.

Naomba ukisome kisa hicho kama kisa cha mahojiano. Swali lilibeba dhana ambayo wahojiwa hawakuwa nayo. Jibu la kweli, “hatujui”, lilikataliwa. Wahojiwa wakashinikizwa mpaka wakatoa kitu, na kile kitu kikaandikwa kama ugunduzi. Kila hatua ya kosa lile naiona leo katika mahojiano ya wanafunzi wetu, na nimeifanya mimi pia. Sasa chukua maneno ya pendekezo lako la utafiti, “uwezeshaji”, “ustahimilivu”, “mkakati wa kujikimu”, uyajaribu kwa shangazi yako nyumbani. Atakapokunja uso, hapo swali lako bado linafinyanga.

Nihame kidogo kutoka kwenye mahojiano, kwa sababu naona umeyategemea peke yake. Kabla ya kumhoji mtu wa tano, kaa asubuhi tatu mahali ambapo mizigo inapita, bila kinasa sauti, na daftari dogo la mfukoni. Utaandika vijineno tu ukiwa pale, na utaviandika kwa kirefu jioni ileile kabla ya kulala, maana usingizi mmoja hufuta mengi. Wanafunzi wa mara ya kwanza huniletea daftari la uwandani lenye sentensi kama hii: “Soko lilikuwa na shughuli nyingi na wanawake wanafanya kazi katika mazingira magumu.” Hii ningeweza kuiandika nikiwa kitandani. Ninachokitaka ni kitu kama hiki, na nakutungia mfano: “Saa 12:40 asubuhi. Mama mwenye leso ya kijani ana trei 6 za mayai, amezifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Kijana wa boda anataka kuchukua zote. Mama anakataa, anampa 3. Anabaki amesimama. Simu inalia, anajibu neno moja, ‘haya’. Ndipo anaita boda nyingine na kumpa 3 zilizobaki.”

Trei 6 ni mayai 180. Boda ya kwanza ingeyabeba yote bila shida. Kwa nini aligawa? Nani alipiga simu? “Haya” ilimaanisha nini? Hakuna hojaji duniani ambayo ingekuwa na swali hilo, kwa sababu hakuna mtu aliyekaa ofisini angeweza kulifikiria. Na hapo hapo pana swali kubwa la tasnifu yako. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000, kuvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 ili kupita kuwe kwepesi. Kama njia nyepesi ipo, mtu anayegawa mayai yake mara mbili anajua nini ambacho waliotunga kanuni hawakijui? Takwimu zitakuambia ni wangapi wanapita wapi. Hilo la anachokijua mama huyo ni la kwako.

Tena mji wako mwenyewe umeshatoa kazi nzuri ya namna hii. Susan Reynolds Whyte wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na Herbert Muyinda wa Makerere walichapisha mwaka 2007 sura kuhusu watu wenye ulemavu wa Busia waliokuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wewe uliwaona hao tangu utoto, ukawazoea hadi macho yakaacha kuwaona. Watafiti hao walikaa, wakatazama, wakazungumza, na chombo kilichoonekana kuwa msaada wa kutembelea kikaonekana pia kuwa kitega uchumi na nafasi ya mtu mjini. Isome mara mbili. Mara ya kwanza ujue walichosema. Mara ya pili, penseli mkononi, weka alama kila mahali unapojiuliza: hili walilijuaje? Walimuuliza nani, walisimama wapi? Somo la mbinu liko katika usomaji huo wa pili.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi, kwa kuwa chuo chako kina utaratibu wake. Kamati ya maadili ya utafiti kwanza, kisha usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, lile tunaloliita UNCST, ndipo barua za wilaya, na mwisho mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Huyu wa mwisho usimruke, na usimkaribishe kwenye mahojiano. Niliwahi kutumwa, nikiwa kijana msaidizi wa utafiti, kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Albert. Kiongozi wa pale alitupokea vizuri mno, akatutafutia watu, akaleta viti, akaketi nasi. Siku mbili nzima watu wote waliniambia kwamba hapo samaki wachanga hawavuliwi. Nikaandika. Jioni ya pili, wakati tunafunga mabegi, mtoto akapita mbele yetu na beseni la samaki wasiozidi kiganja. Hakuna aliyesema kitu. Aliyenituma alizipokea zile karatasi na zikaingia kwenye ripoti, nami sikuwa na ujasiri wa kuandika pembeni nani alikuwa ameketi kwenye kiti cha nne. Tangu siku hiyo kila mahojiano ninayoyasoma, jambo la kwanza ninalouliza ni: nani mwingine alikuwepo?

Na kwa mada yako hilo lina uzito zaidi, kwa sababu baadhi ya utakayoambiwa yanaweza kumfikisha mtu polisi. Jiulize kila jioni: daftari hili likiokotwa, nani ataumia? Basi majina yasiwemo kabisa, namba za simu zisiwemo, na njia halisi za kuvukia zisielezwe kiasi cha mtu kuweza kuzifuata. Sauti zifungiwe kwa nywila. Usizipakie kwenye tovuti yoyote ya kunukulia usiyojua inazihifadhi wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwanafunzi. Ridhaa nayo isiwe sahihi tu inayowekwa chini ya karatasi. Mama anayeogopa karatasi anaweza kuridhia kwa mdomo kama kamati yako imekubali hivyo, na ana haki ya kukuambia kesho kutwa, “lile nililosema lifute”, nawe ukalifuta.

Sasa, 20 wanatosha? Wapo watafiti watatu, Guest, Bunce na Johnson, waliolipima hili mwaka 2006 kwa kutumia mahojiano yao 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria. Waliangalia ni baada ya mahojiano mangapi mambo mapya yaliacha kuja. Kwa sehemu kubwa 12 yalitosha, na mambo ya msingi yalianza kuonekana kwenye 6. Wanafunzi wakisikia hivyo wanashangilia 12 kama vile ni amri. Lakini wale wanawake walifanana kwa kiasi, na waliulizwa maswali yaleyale. Wako hawafanani hata kidogo: wa mayai na wa mitumba, mwenye duka na anayebeba kichwani, mjane na aliyeolewa, anayepita getini na anayepita kule kwingine. Watafiti wengine, kama Virginia Braun na Victoria Clarke, hawaikubali hata hiyo dhana ya data kujaa kana kwamba ni mtungi. Mimi nakushauri hivi: wape kamati namba 20 kwa sababu wanataka namba, lakini moyoni panga kuwachagua kwa tofauti zao na kurudi kwao. Watu 10 uliozungumza nao mara mbili mbili, ukiwa umenukuu na kufikiri kati ya mara ya kwanza na ya pili, watakupa kazi yenye nyama kuliko 20 wa dakika 15. Mara ya pili ndipo mtu huanza kwa kusema, “nilifikiria lile uliloniuliza”.

Hukuuliza kuhusu kusimba data, yaani kuvipa vipande vya maelezo majina mafupi ili uvilinganishe, lakini kama unakuogopa, unakuogopa bure. Usianze na programu. Chapisha kurasa za mahojiano mawili, chukua kalamu za rangi. Tuseme mama amesema: “Mzigo ulilala, lakini mimi sikulala.” Mwanafunzi mwenye haraka huandika pembeni “changamoto za mpakani” na kuendelea, na sentensi ile imekufa pale. Wewe andika maneno yake: mzigo kulala. Kisha tafuta katika mahojiano mengine: kwa wengine mzigo hulala? Wapi, na nani hulala nao? Anayelala nao hulipwa nini? Mwenye watoto wadogo hufanya nini siku mzigo unapolala? Katika siku chache msimbo huo mmoja unaweza kukuonyesha kwamba biashara ya mpakani ni biashara ya muda kabla ya kuwa biashara ya fedha, na kwamba muda wa usiku una gharama tofauti kwa mwanamke na kwa mwanaume. Hiyo ndiyo mada. Braun na Clarke, ambao makala yao ya mwaka 2006 yenye hatua sita msimamizi wako bila shaka ameshakupa, wanasisitiza kwamba mada haziibuki zenyewe kutoka kwenye data. Wewe ndiye unayezijenga, na kwa hiyo ni wewe unayepaswa kueleza umezijengaje. Ukishazoea kalamu, ndipo ufungue programu ya kusimbia kama Taguette au QualCoder; zote ni za bure, na kwa kazi ya ukubwa wako huna haja ya kununua leseni ya gharama.

Wenzako wa takwimu watakuuliza kama hizi si hadithi tu. Wajibu kwa njia uliyopita. Waonyeshe daftari lenye tarehe, maswali yalivyobadilika na kwa nini yalibadilika, yule mama mmoja ambaye maelezo yake yanapingana na hoja yako na ulivyohangaika naye hadi hoja ikarekebishika. Mtu aliyeficha maelezo yanayompinga nitamtilia shaka, awe na watu 12 au 1,200.

Umeniuliza mahali pa kujifunzia. Tafuta mwenzako mmoja anayefanya kazi kama yako, mkutane kila wiki, mbadilishane kurasa mbili za unukuzi, na kila mmoja amwonyeshe mwenzake alipomkatiza mhojiwa. Basi. Makerere ina mila ndefu ya kukaa na watu na kusikiliza, tangu taasisi ya utafiti wa jamii ilipoanza pale mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwanaanthropolojia Audrey Richards na wenzake wakafuatilia vibarua waliohamia Buganda kutafuta kazi. Lakini mila hiyo huwezi kuirithi kwa kusoma silabasi, kama usivyoweza kujifunza kusuka mkeka kwa kuutazama ukiwa ukutani.

Na kuna mtu mmoja ambaye ningependa umhoji kabla ya kurudi sokoni, kwa mazoezi tu, nje ya data yako. Mama yako. Mwombe siku moja tu ya zile za nyanya, tangu alipoamka. Usimsaidie. Usimalizie sentensi zake, ingawa utadhani unazijua zote. Kisha nukuu saa nzima hiyo, na uniandikie ukurasa mmoja: ulimkatiza wapi, na alikuwa anakaribia kusema nini. Tutaanzia hapo kupanga mahojiano yako ya tano.